Fahamu: Utapeli wa "kasri limefungwa leo" jijini Bangkok

Ni nini?
Mgeni akikaribia Kasri Kuu la Bangkok, Thailand, mtu nadhifu na mcheshi humwambia limefungwa kwa ajili ya ibada. Humwitia bajaji ya bei ya kutupa ikamtembeze kwenye mahekalu. Njiani dereva husimama kwenye duka la vito au la fundi nguo, ambalo humpa kamisheni.

Hasara iko wapi?
Si kwenye nauli. Mgeni huuziwa vito hafifu kwa bei ya juu, akiahidiwa kwamba akirudi kwao atauza kwa faida. Tamaa hiyo ndiyo mtego wenyewe.

Ufanyeje?
Kwa kawaida kasri hufunguliwa kila siku saa 2:30 asubuhi. Nenda mpaka langoni ukaulize mwenyewe. Ukikwama, piga 1155, polisi wa watalii.