Mbwa Mzee wa Nyumbani, na Jinsi ya Kumuaga

Mwezi huu twataka kunena habari ya mbwa, wala si mbwa mwenye nguvu zake, bali yule aliyekwisha kuzeeka, au aliyeshikwa na ugonjwa wa kufa. Twajua wako watakaocheka, wakisema, Mbwa ni mbwa tu, afapo hutupwa porini. Twawaomba wavumilie, wasome mpaka mwisho, maana katika jambo hili yamo machozi ya watoto wetu, tena imo hatari ya mauti kwa watu wa nyumbani.

Huku kwetu, tangu Musoma ufuoni mwa ziwa hata vilima vya Butiama, na tangu Bunda hata mpakani mwa mbuga ya Serengeti, mbwa hafugwi kwa anasa. Usiku hulala nje penye baridi ili fisi asilikaribie zizi. Mahindi yakikomaa huwafukuza nyani. Asubuhi huwafuata watoto machungani, na jioni hurudi nao akiwa nyuma ya mbuzi wa mwisho. Ujira wake ni ukoko wa ugali na vichwa vya samaki. Mnyama aliyetumika hivi miaka 8 au 10, watoto huwa wamekua naye, na mdogo wao pengine alijifunza kusimama kwa kushika manyoya yake. Wasomaji wetu wakumbuka mfano ambao nabii Nathani alimwambia mfalme Daudi, wa yule maskini na mwana-kondoo wake mmoja. Basi kumpenda mnyama wa nyumbani si jambo la kigeni, wala halikuletwa na Wazungu kama wengine wasemavyo.

Mbwa akizeeka, dalili zake ni kama za mzee wa watu. Macho huingia ukungu, masikio huwa mazito, meno hulegea, na asubuhi miguu ya nyuma hukataa kuinuka. Asipigwe kwa kutoitika, maana hasikii. Apewe uji au ugali uliolainishwa kwa mchuzi wa dagaa usio na chumvi nyingi, kidogo kidogo, mara mbili au tatu kwa siku. Maji yawekwe karibu naye. Atandikiwe gunia kavu mahali pasipovuja, na libadilishwe likilowa, kwa kuwa mnyama asiyeweza kusimama hupata vidonda ubavuni, na inzi hutaga humo. Ageuzwe upande wa pili mara kwa mara. Kazi hii yafaa wapewe watoto wakubwa. Ni somo ambalo mwalimu hawezi kulifundisha ubaoni.

Lakini dawa za watu asipewe. Wengi humwona mbwa akilia kwa maumivu, wakachukua vidonge vya maumivu vilivyobaki kabatini, wakidhani wamtendea wema. Vidonge vya jamii ya diclofenac na ibuprofen huweza kumtoboa mbwa tumbo na kumharibu mafigo. Na paka, kidonge kimoja tu cha panadoli chatosha kumwua. Aulizwe bwana mifugo wa kata, naye atasema ni dawa gani ifaayo na kipimo chake.

Hayo ni ya mbwa mzee. Sasa twafika mahali ambapo upendo usio na maarifa huua. Uko ugonjwa mmoja ambao mgonjwa wake haifai auguzwe nyumbani hata kidogo, nao ni kichaa cha mbwa. Watu wengi wamjua yule mbwa mkali akimbiaye njiani akiuma kila kitu. Huyo hakuna asiyemkimbia. Wa kuogopwa zaidi ni yule mpole. Hujificha gizani, sauti yake hukwaruza, taya hulegea, mate humtoka, wala hawezi kumeza. Mwenyewe humwona akadhani mfupa wa samaki umemkwama kooni. Kwa huruma humfungua kinywa akatia mkono ndani autafute huo mfupa. Mfupa haumo. Mkono hutoka na mate, na kama pana mkwaruzo hata mdogo, ugonjwa umepata njia. Mtoto naye huleta bakuli la maji akamnywesha rafiki yake kwa kiganja. Enyi wazazi, mkimwona mbwa wa namna hiyo, waondoeni watoto kwanza, mfungieni mahali kama yawezekana pasipo kumgusa, kisha mwiteni bwana mifugo. Mbwa huyo hatapona. Dalili zikiisha kuonekana hufa katika siku chache, kwa kawaida hazizidi 10.

Mtu aliyeumwa, au aliyeingiwa na mate kidondani, oshe jeraha mara moja kwa sabuni na maji mengi yatiririkayo kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile akachomwe sindano za chanjo, azimalize zote. Asingoje kuona kama ataugua, kwa kuwa mtu akiisha kuonyesha dalili karibu hakuna aponaye. Dawa yenyewe si ya jana. Tarehe 6 Julai 1885, huko Paris, kijana Joseph Meister wa miaka 9, aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, alianza kuchomwa dawa ya Louis Pasteur, naye akaishi. Na kama mbwa aliyeuma aonekana mzima, msimwue kwa hasira. Afungwe atazamwe siku 10. Akibaki mzima siku hizo zote, yajulikana ya kuwa hakuwa na ugonjwa katika mate yake siku aliyouma. Majeruhi lakini asingojee hesabu hiyo, aende.

Liko jambo gumu kuliko haya. Mbwa wenu ni mzima, akila na kucheza, ila jana aliumwa na mbwa mwenye kichaa, naye hakupata kuchanjwa. Ugonjwa huweza kujificha mwilini majuma au miezi kabla haujaonekana. Huyu, ingawa leo atikisa mkia, shauri la wataalamu ni auawe kwa njia njema, au afungiwe peke yake miezi 4 hata 6, pasipo mtu kumgusa. Ni nyumba ngapi vijijini ziwezazo kumfungia mnyama namna hiyo? Sisi twaona ni chache mno. Yule aliyechanjwa mapema huongezewa chanjo na kuangaliwa, na mara nyingi husalimika. Hapo ndipo ionekanapo thamani ya sindano ile ambayo wengine huona uvivu kumpeleka mbwa wao akachomwe.

Jirani zetu wa wilaya ya Serengeti waliyaona haya kwa macho. Tangu mwaka 1996 hata 2001 Bibi Sarah Cleaveland na wenzake waliwachanja mbwa wa vijiji vya wilaya ile. Baada ya kampeni ya kwanza kichaa katika mbwa kilipungua kwa asilimia 70, na baada ya ya pili kwa asilimia 97. Watu waliokwenda kutafuta sindano kwa kuumwa wakapungua sana huko, lakini katika wilaya za jirani zisizochanjiwa mbwa hawakupungua. Hesabu wanayoifuata wataalamu ni kuchanja mbwa 70 katika kila 100. Tena, mwaka 1994 homa ya mbwa, ugonjwa uliokuwamo katika mbwa wa vijiji vya kandokando, iliua yapata theluthi moja ya simba wa Serengeti. Mbwa wa maskini na simba wa mbugani, kumbe, wavuta pumzi moja.

Twarudi kwa mzee wetu aliyelala guniani. Itafika siku ambayo hali tena, hanywi, alia akiguswa, hawezi kujiondoa katika uchafu wake. Kumwacha siku 5 akiteseka juani si subira. Tanzania inayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, nayo yakataza kumtesa mnyama. Sumu katika nyama haifai. Hufa kwa kujinyonganyonga, na ndege tai wamlao hufa pia. Wala asifungwe jiwe akatoswa ziwani, wala kupelekwa mbali akaachwa kwa fisi. Daktari wa mifugo anayo dawa ya usingizi ambayo, ikitiwa kwa wingi mshipani, humlaza mbwa kwanza, kisha moyo wake husimama pasipo yeye kujua. Huchukua dakika chache. Aliyemlisha na amshike kichwa, amwite kwa jina lake, asimkabidhi kwa mgeni akatoka nje. Kwa maoni yetu, hiyo ndiyo haki ya mwisho aliyo nayo mbwa kwa bwana wake.

Kaburi lichimbwe kina cha mita moja au zaidi, mbali na kisima na mkondo wa maji, na juu yake viwekwe mawe na miiba, maana fisi wa huku hawana adabu. Aliyekufa kwa dawa ya daktari azikwe siku ile ile, kwa kuwa dawa hubaki katika nyama, na tai akila hufa. Aliyedhaniwa kuwa na kichaa asiguswe kwa mikono mitupu wala asichunwe. Bwana mifugo huenda akataka ubongo wake upimwe.

Watoto wasidanganywe kwamba mbwa amekwenda safari Mwanza. Watamngoja njiani kila jioni. Waambiwe, Amekufa, naye hatarudi, waachwe walie. Mvulana akilia asichekwe. Wapewe kazi: mmoja alete jiwe, mmoja akate miiba, mmoja asimulie siku ile mbwa alipomwokoa mbuzi. Mtoto aliyemwuguza na kumzika mnyama wake huuliza maswali mengi usiku ule, hata juu ya babu na bibi, na mzazi akae naye mpaka usingizi umshike.

Mbwa mwingine asiletwe kesho yake. Na kama yule wa kwanza alikufa kwa kuhara damu au kwa homa ya mbwa, bakuli lake lioshwe kwa dawa ya kufulia yenye klorini, gunia lichomwe moto, maana ugonjwa ule wa kuhara damu hukaa udongoni miezi mingi ukingoja mtoto wa mbwa. Mgeni akija, ahesabiwe umri wake, na akitimiza miezi 3 apelekwe kwa bwana mifugo akapate sindano, kamba shingoni, na yule mtoto aliyelia kuliko wote ndiye aishike.