Analipa kama mkubwa, anapakuliwa kama mtoto

Mwishoni mwa mwaka tulienda na familia kwenye sherehe katika hoteli moja ya hapa Bukavu, kando ya ziwa. Karatasi mlangoni ilisema: mkubwa dola 15, mtoto dola 7, chakula kikiwa ndani ya bei. Binti yangu alikuwa na miaka 11 na miezi kadhaa, lakini amerefuka kama baba yake. Kijana wa mlangoni alimtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akasema: "Huyu si mutoto tena." Watu walikuwa wengi nyuma yangu, sikubishana. Nikatoa 15.

Saa ya kula, msimamizi aliwatenga watoto upande wao, na binti yangu akatumwa huko. Alirudi na bawa moja la kuku, viazi vichache vya kukaanga na Fanta. Sisi wengine tulikuwa na samaki, nyama ya mbuzi, sombe, wali na ndizi. Nilipouliza, nikajibiwa kwa upole kabisa: "Mama, ule angali mutoto."

Nilirudi nyumbani na hasira, na hasira ya mwalimu mara nyingi huishia kwenye kusoma. Nilitaka kujua wengine wanaukata wapi mstari huu.

Mfano unaojulikana sana ni Walt Disney World, ule uwanja mkubwa wa michezo wenye hoteli zake huko Florida, Marekani. Anayelala kwenye hoteli hizo anaweza kulipia chakula cha siku zote kabla ya kufika. Mpango huo ulianza 2005, ukasimama 2020 wakati wa korona, ukarudi Januari 2024. Mtoto ambaye hajafika miaka 3 halipiwi. Anakula kwenye sahani ya mzazi. Wa miaka 3 hadi 9 ni mtoto. Akitimiza 10, basi, ni mtu mzima. Mwaka 2024 mpango wa kawaida ulikuwa dola 94 na kidogo kwa siku kwa mkubwa, na kwa mtoto haukufika dola 30. Usiku mmoja tu wa kutimiza miaka 10, bei imepita mara tatu! Na huwezi kununua kwa baba peke yake halafu wengine wachovye kwake: mkichukua mpango, kila mmoja wa miaka 3 na zaidi anayelala nanyi anahesabiwa.

Bei ya mkubwa ina kinywaji ndani yake, na kinywaji hicho kinaweza kuwa bia au divai. Lakini kule Marekani pombe ni kuanzia miaka 21. Kwa hiyo mtoto wa miaka 10 analipiwa sawa na mjomba anayeagiza bia, naye anakunywa maji ya matunda. Hata hivyo niseme ukweli: huko, aliyelipiwa kama mkubwa anaagiza chakula cha wakubwa. Ni wa miaka 3 hadi 9 wanaopaswa kuchagua kwenye orodha ya watoto. Hoteli yetu ya kando ya ziwa haikufika hapo.

Kilichonichekesha ni kwamba Disney haohao, kwenye uwanja wao wa karibu na Paris, wanamhesabu mtoto mpaka miaka 11. Binti yangu angekuwa mtu mzima Florida na mtoto Ufaransa, bila kubadilisha hata viatu. Kwenye ndege nauli ya mkubwa inaanza miaka 12. Hapa kwetu Kahuzi-Biega, hawapandi kuona sokwe mpaka wawe na miaka 15, na mstari huo una sababu ya mwili: magonjwa ya watoto huwaambukiza sokwe kwa urahisi, na sokwe ni wachache. Sheria yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inasema mtoto ni yeyote ambaye hajafikia miaka 18. Mistari ya mezani ni ya mfuko tu. Muuzaji anaogopa hasara, anakata pale anapodhani tumbo linaanza kumshinda.

Na juu ya tumbo, hakosei sana. Shirika la Afya Duniani linahesabu ujana kuanzia miaka 10 hadi 19, na ndiyo miaka ambayo mwili unadai. Chukueni madini ya chuma, yanayotengeneza damu. Vipimo vya Marekani vinasema msichana wa miaka 14 hadi 18 anahitaji miligramu 15 kwa siku, kwa sababu anapata hedhi na bado anakua. Mwanaume mzima anahitaji 8.

Namba hiyo ndiyo iliyoninyamazisha. Nilikumbuka somo nililotoa katika mwaka wa 7, juu ya sehemu za hesabu. Niliwaambia wanafunzi wachore kuku wa nyumbani kwao na waandike nani anapata kipande gani. Mapaja yalikwenda kwa papa na kwa wageni. Kifua kwa kaka. Wasichana wa miaka 12 na 13 waliandika shingo, miguu, na mmoja aliandika "mchuzi". Hao ndio wanaoteka maji kabla ya masomo, wanaobeba mdogo wao mgongoni, na tunawaambia: wewe ni mukubwa sasa, saidia mama. Saa nne asubuhi ndio wanaolala juu ya daftari, nami nimewahi kuwagombeza.

Wala nisijifanye mtakatifu. Jioni ya sherehe ile, nikipakua maharagi na sambaza zilizobaki, binti yangu alisimama na sahani yake akaniuliza: "Mama, leo niko mukubwa ao mutoto?" Nilitazama mkono wangu. Kijiko cha baba yake kilikuwa kimejaa sambaza. Chake nilikuwa nakipunguza bila kufikiri. Nyama si lazima iwepo kila siku, tunajua bei za Kadutu. Lakini sambaza, maharagi na sombe zipo, na pera au ndimu kidogo vinasaidia chuma kuingia mwilini. Chai tuiache isubiri, maana ikinywewa pamoja na chakula inakizuia.

Sasa kamati yetu inatayarisha karatasi za mwaliko wa sikukuu ya chama, na tumekwama palepale. Mama mweka hazina anataka bei ya mkubwa ianze miaka 12. Mimi nimependekeza nusu bei mpaka 18, na sahani moja kwa wote kuanzia miaka 10. Ameniuliza nani atajaza pengo la pesa, na sijapata jibu la kumtosha. Mkutano ni Jumamosi saa nane. Aliye na binti wa umri huo aje naye.