Mbabula isilale ndani ya karavani

Ndugu mfanyakazi, ukisafiri na jamaa yako katika karavani, nyumba ndogo inayokokotwa na motokari, shika mambo matatu.

Kwanza, mbele ya kuondoka, kaza boloni za magurudumu na upime upepo wa mipira yote. Mpira uliopasuka pembeni uubadilishe, hata kama meno yake ni mazuri.

Pili, mizigo mizito uiweke chini, karibu na magurudumu. Ikijaa nyuma, karavani itayumba na kuvuta motokari.

Tatu, msilale na mbabula ndani, hata makala yakiwa mekundu bila moshi. Sumu yake haina harufu wala rangi. Inaua watu usingizini. Mama, pika inje. Kichwa kikiuma, kizunguzungu kikiwashika, tokeni wote upesi!