Picha ya Maandamano: Inamsaidia Nani, Inamponza Nani?

Wanachuo wenzangu, siku hizi kila mwenye simu janja ni mpiga picha. Juni 2024, vijana wa Kenya walipoingia barabarani kupinga Muswada wa Fedha, hata mtu aliyekaa Kihanga, Karagwe, aliweza kuyafuatilia kiganjani. Mwanzoni muswada ule ulitaka hata mkate utozwe VAT ya asilimia 16. Juni 25 waandamanaji waliingia Bungeni Nairobi, watu wakapigwa risasi, na kesho yake Rais Ruto akatangaza kwamba hatausaini. Picha tuliziona kibao. Swali ni hili: picha ya maandamano inafanya kazi gani hasa?

Kazi ya kwanza ni kueleza sababu. Moshi na tairi linaloungua vinapigika picha kirahisi, lakini anayeona moshi tu anaona fujo; hajui watu wanadai nini. Mwaka 2023, Wakenya waliopinga ugumu wa maisha walivaa sufuria kichwani. Hapo hata mtoto anaelewa kwamba jikoni hakuna kitu. Mpiga picha makini anaisogelea sufuria, moshi anauacha nyuma.

Huku kwetu Kagera kuna butura: mkulima anauza kahawa ikiwa bado maua, kwa bei ya kutupa, kwa sababu ada ya mtoto inadaiwa leo. Hapo hakuna bango wala bomu la machozi, ila pengo kati ya mwenye nacho na asiye nacho ni lilelile. Nalo linahitaji kamera.

Kazi ya pili ni ushahidi. Septemba 2, 2012, mwandishi Daudi Mwangosi wa Channel Ten aliuawa Nyololo, Mufindi, akiwa kazini. Picha zilimwonyesha akiwa amezingirwa na askari, na nchi nzima iliziona. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilimhukumu askari mmoja miaka 15 jela kwa kuua bila kukusudia. Kwa Kenya, BBC Africa Eye walichambua picha na video zaidi ya 5,000 ili kuwatambua waliofyatua risasi nje ya Bunge, wakatoa filamu yao mwaka 2025. Baadhi ya hizo zilitoka kwa watu wa kawaida.

Ila picha haiwi ushahidi hivi hivi. Faili halisi hubeba tarehe, saa na, kama umewasha, mahali ilipopigwa. Ukiirusha WhatsApp kama picha ya kawaida, inabanwa na taarifa hizo zinapotea. Kwa hiyo tunza faili halisi bila kulikata wala kulipaka rangi, na ukilituma, litume kama hati. Piga pia picha pana yenye jengo au kibao cha barabara, ili mtu aweze kujua ni wapi. Na intaneti ikizimwa, kama ilivyotokea nchini Oktoba 29, 2025, picha ya uhakika ni ile iliyo kwenye simu au kadi yako.

Sasa upande wa pili. Taarifa zilezile zinazomsaidia hakimu zinaweza kumsaidia anayemtafuta mwandamanaji. Binti aliyebeba bango kwa saa moja anaweza kufukuzwa kazi, au kufuatwa nyumbani usiku, kwa sababu ya picha uliyoiweka status ukitafuta likes. Dawa yake ni kuwa na nakala mbili: halisi unaificha, ya kurusha unaiondolea mahali na kuziba nyuso kwa rangi nzito, maana ukungu mwepesi hautoshi.

Utaniuliza, tuzibe nyuso za wote? Hapana. Askari mwenye bunduki yuko kazini kwa niaba ya umma, na umma una haki ya kujua anafanya nini. Mwenye bango hana ulinzi wowote zaidi ya wewe.

Tukumbuke pia kwamba Ibara ya 18 ya Katiba inatupa uhuru wa maoni, lakini Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 nayo ipo, na kusambaza taarifa za uongo ni kosa. Picha ya zamani ukiipa tarehe ya leo, umejiponza mwenyewe na umewapa wanaokanusha kila kitu sababu ya kukanusha hata ya kweli.

Kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma, basi, jiulize: huyu niliyempiga, kesho picha hii itamkuta wapi?