Fundi Aliyezidiwa: Jeni za Ukarabati wa DNA na Saratani ya Watoto Kandokando ya Ziwa Viktoria

Utangulizi

Rodi Kopany ni mji mdogo wa njiapanda katika Kaunti ya Homa Bay. Kutoka hapo, barabara moja huteremka hadi mjini Homa Bay ufuoni mwa Ziwa Viktoria, nyingine hushika njia ya Ndhiwa na Karungu, na ya tatu huelekea Rongo na hatimaye vilima vya Kisii. Anayesafiri kutoka ziwani kwenda Kisii huacha nyuma joto na mbu. Huacha nyuma pia, kwa kiasi kikubwa, saratani moja ya watoto ambayo ni nadra katika nyanda za juu, yaani limfoma ya Burkitt. Makala haya yananuia kufafanua uhusiano wa saratani hiyo na jeni za kukarabati DNA, na kuonyesha kwa nini uhusiano huo unamhusu mzazi ambaye mwanawe amevimba taya.

Ukarabati wa DNA

Katika kila seli yenye kiini mna DNA, ambayo yaweza kufananishwa na mswada ulioandikwa kwa herufi nne tu za kikemikali. Mswada huo una takriban jozi bilioni 3 za herufi. Seli hubeba nakala mbili, moja ya baba na nyingine ya mama, zilizopangwa katika kromosomu 46. Kila siku herufi hizo hupata maelfu ya majeraha. Mengine husababishwa na miali ya jua au moshi wa tumbaku, lakini mengi hutokana na shughuli za kawaida za seli yenyewe.

Jeni za ukarabati hubeba maagizo ya kuunda protini ambazo kazi yake ni kusahihisha mswada huo. Zipo zinazoondoa herufi iliyoharibika, zipo zinazokata kipande kizima na kukiandika upya, na zipo zinazounga uzi uliokatika. Tomas Lindahl, Paul Modrich na Aziz Sancar walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2015 kwa kufumbua jinsi kazi hii inavyofanyika. Aidha, ipo jeni iitwayo TP53 ambayo ni kama msimamizi wa mafundi. Protini yake husimamisha mgawanyiko wa seli hadi ukarabati ukamilike, na uharibifu ukizidi, huiamuru seli ife.

Saratani huweza kuingia kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa urithi, pale mtu anapozaliwa na jeni ya ukarabati yenye kasoro. Jeni za BRCA1 na BRCA2 ni mfano mashuhuri, kwani kasoro zake huongeza hatari ya saratani ya matiti na ya ovari. Mlango wa pili ni wa fundi aliye mzima ila amezidiwa na kazi. Limfoma ya Burkitt hupitia mlango huu wa pili.

Kutoka Mulago hadi kwenye kromosomu

Mwaka 1958, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago jijini Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya aliouona kwa watoto. Mwaka 1961, yeye na wenzake Edward Williams na Clifford Nelson walisafiri kwa gari yapata kilomita 16,000 kutoka Uganda hadi Afrika Kusini wakiuliza hospitali kwa hospitali. Walibaini kuwa ugonjwa huo ulifuata joto na mvua, sawa na malaria. Mwaka 1964, Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza kuwa wameona virusi katika seli za uvimbe huo uliosafirishwa kutoka Uganda hadi London. Hata hivyo, virusi vya Epstein-Barr hupatikana kwa watu wengi duniani wasiougua saratani. Kwa hiyo, virusi peke yake havitoshi kuwa jibu.

Jibu kamili zaidi limo katika seli B, ambazo hutengeneza kingamwili. Ili kupata kingamwili za kila namna, seli hizi huikata DNA yao kwa makusudi na kuiunga upya. Kimeng'enya kiitwacho AID huanzisha mikato hiyo, na protini za ukarabati huimaliza kazi. Malaria inapomrudia mtoto tena na tena, seli B huitwa kazini bila kupumzika na AID hutumika kupita kiasi. Utafiti uliofanyiwa panya na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa maambukizi ya muda mrefu ya vimelea vya malaria huchochea mikato hiyo na kuzaa saratani ya seli B.

Penye mikato mingi, kuunga vibaya si ajabu. Aghalabu kipande cha kromosomu ya 8 chenye jeni ya MYC, inayohimiza seli kugawanyika, huungwa kwenye kromosomu ya 14, kando ya jeni ya kingamwili. Ni kama aya iliyobandikwa katika sura isiyo yake: maneno hayajabadilika, lakini sasa yako chini ya amri isiyokoma ya "endelea". Seli yenye kosa kama hilo ilipaswa kufa. Virusi vya Epstein-Barr huisaidia kuponea, na katika baadhi ya uvimbe TP53 nayo huwa imeharibika.

Umuhimu wa maarifa haya

Uvimbe wa Burkitt ni miongoni mwa ule unaokua kwa kasi zaidi kwa binadamu. Huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Kwa kuwa hulegeza meno, hudhaniwa kuwa jino bovu; wakati mwingine husemwa ni uchawi. Wiki mbili za kubahatisha ni muda mrefu mno.

Ilhali ugonjwa huu unatibika. Tangu miaka ya 1960 ilidhihirika kuwa dawa kama saiklofosfamidi huweza kuuyeyusha. Dawa hiyo hufungamanisha nyuzi za DNA kiasi kwamba seli inayogawanyika kwa pupa hukosa wasaa wa kujikarabati, nayo hufa. Udhaifu ule ule ulioizaa saratani ndio unaoiangamiza, mradi mtoto afikishwe hospitalini mapema na amalize matibabu.

Hitimisho

Mtoto wa Rodi Kopany mwenye saratani hii kwa kawaida hakurithi damu mbaya, wala familia yake haina la kulaumiwa. Mafundi wake walilemewa. Mnamo Septemba 2019, chanjo ya malaria ya RTS,S ilizinduliwa nchini Kenya katika Kaunti ya Homa Bay. Chanjo hiyo, pamoja na chandarua na matibabu ya mapema ya homa, hukusudiwa kuzuia malaria, lakini mantiki iliyoelezwa hapa inaonyesha kuwa kila malaria inayoepukwa huwapunguzia mafundi hao mzigo. Na taya la mtoto likivimba, la kwanza si kung'oa jino bali ni kwenda hospitalini akapimwe.