Takwimu Si za Mtihani Tu

Vijana wengi waingiao Chuo Kikuu, wawe wanasomea kilimo, uganga au uchumi, hukuta somo la takwimu likiwangoja. Wengi wao hulikabili kama mtu avukaye mto wenye mamba: nia ni kufika ng'ambo tu. Hukariri kanuni, hufaulu mtihani, kisha husahau. Twasema waziwazi kwamba hiyo ni hasara ya taifa, kwani kodi ya mkulima na mfanyakazi imo katika masomo hayo.

Natuchukue mfano mwepesi. Tuseme karakana ina watu kumi. Tisa hupata shilingi 200,000 kwa mwezi, na meneja hupata 4,200,000. Wastani wao ni shilingi 600,000. Hesabu hiyo ni sahihi, lakini hakuna hata mmoja apataye fedha hizo! Ipangeni mishahara toka mdogo hadi mkubwa, mwutazame wa katikati: ni 200,000, na huo ndio hali ya wengi. Mfanyakazi asiyejua tofauti hii ataambiwa kwamba anaishi vema, naye atakosa la kujibu.

Tena, mpishi huonja kijiko kimoja akajua chumvi ya sufuria nzima, lakini sharti akoroge kwanza. Atakaye kujua hali ya wakulima, akawauliza wale tu wakaao kando ya barabara kuu, ameonja bila kukoroga.

Mambo haya si madogo. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu milioni 12.3 katika Tanzania. Ile ya 2022 ilihesabu 61,741,120. Madarasa, zahanati na visima hupangwa kwa hesabu kama hizo, na azisomaye vibaya hupeleka dawa pasipo wagonjwa.

Kwa hiyo twawaomba waalimu wa vyuo vyetu walitoe somo hili ubaoni walipeleke ghalani, bandarini na zahanati. Mwanafunzi apewe daftari la mavuno ya kijiji, aulizwe kwa nini mwaka huu yamepungua, na jibu lake wakalisikie wanakijiji wenyewe. Nanyi, ndugu wanafunzi, kabla hamjaanza kukokotoa ulizeni kwanza: ni nani waliohesabiwa, na ni nani walioachwa? Asiyeuliza hivyo, hata akipata alama zote, hajajifunza takwimu.