Makala Hailelewi na Mtu Mmoja: Wahariri wa Kujitolea wa Wikipedia ya Kiswahili

Wikipedia, kamusi elezo huru inayosomwa kwenye intaneti katika lugha zaidi ya 300, huandikwa na kusahihishwa na watu wasiolipwa mshahara wala posho kwa kazi hiyo, na toleo lake la Kiswahili, lililoanzishwa mwaka 2003, limejengwa kwa utaratibu huohuo hadi kufikisha makala zaidi ya 80,000. Kamusi elezo hutofautiana na kamusi ya kawaida kwa kuwa haiishii kwenye maana ya neno, bali hueleza jambo lenyewe: mji, mtu, mnyama, ugonjwa, vita au sayari. Kila toleo linapopimwa, idadi ya makala ndiyo hutajwa kwanza, lakini idadi hiyo haisemi mengi, kwa kuwa makala iliyoanzishwa imevuka hatua ndogo tu, na kazi kubwa ni ile inayofuata, yaani kusomwa na macho mengine, kusahihishwa, kuongezewa vyanzo, kuhuishwa mambo yanapobadilika na kulindwa isiharibiwe. Kazi hiyo haionekani katika takwimu, na katika Wikipedia ya Kiswahili hufanywa na watu wachache mno kuliko wasomaji wengi wanavyodhani.

Utaratibu huu wa kuandika kwa pamoja una historia yake. Mwaka 1995 mtaalamu wa programu wa Marekani, Ward Cunningham, alitengeneza tovuti ambayo msomaji yeyote angeweza kuhariri kurasa zake papo hapo bila kumwomba ruhusa mwenye tovuti, na aina hiyo ya tovuti ikaitwa wiki. Miaka mitano baadaye Jimmy Wales na Larry Sanger walianzisha kamusi elezo ya mtandaoni iliyoitwa Nupedia, ambayo makala zake ziliandikwa na wataalamu na kupitia hatua saba za ukaguzi kabla ya kuchapishwa. Uangalifu ulikuwa mkubwa, lakini katika mwaka wa kwanza ni makala 21 tu zilizofika mwisho wa hatua hizo. Tarehe 15 Januari 2001 walifungua Wikipedia pembeni mwa Nupedia kama mahali pa kuandalia rasimu, wakitumia mfumo wa wiki, na kabla ya mwaka kwisha rasimu hizo zilikuwa zimekaribia 20,000. Ukaguzi haukuondolewa, ila ulihamishwa: badala ya kufanywa na wachache kabla ya makala kutoka, ukawa unafanywa na yeyote baada ya makala kutoka, na hauna siku unapofungwa.

Ukaguzi wa namna hiyo hauwezekani bila kumbukumbu, na ndiyo maana kila ukurasa wa Wikipedia una historia yake, yaani orodha ya mabadiliko yote yaliyofanywa tangu siku ulipoanzishwa, pamoja na tarehe, saa, jina la mtumiaji aliyehariri na maelezo mafupi ya alichokifanya. Mhariri anaweza kulinganisha matoleo mawili ya ukurasa na kuona ni neno gani limeingia na lipi limetoka, na akikuta mtu amefuta aya nzima au ameandika matusi, hulirejesha toleo la awali kwa muda mfupi kuliko ule uliotumika kuharibu. Mabadiliko ya Karibuni ni ukurasa mwingine unaoonyesha kila kinachohaririwa katika toleo zima, na wahariri wazoefu huupitia kila siku, kila mmoja kwa nafasi aliyoipata, pengine jioni baada ya kazi inayomlisha. Kando ya kila makala upo ukurasa wa majadiliano, ambamo wahariri wanaotofautiana huandika hoja zao na kutia saini chini yake, ili atakayekuja miaka mitano baadaye aelewe kwa nini sentensi fulani iliandikwa hivyo. Wapo pia wakabidhi, ambao ni wahariri waliopewa na wenzao mamlaka ya kufuta kurasa, kuzilinda na kuwazuia waharibifu. Hata hivyo mkabidhi hana kauli ya mwisho juu ya yaliyomo katika makala, na hoja yake hupimwa kwa vyanzo sawa na ya mwingine yeyote.

Uzito wa kazi hii ya kulea makala huonekana vizuri zaidi katika makala za kata za Tanzania, ambazo ni sehemu kubwa ya toleo la Kiswahili na ambazo watu wa nje huzidharau kwa ufupi wake. Nyingi huanza kwa sentensi moja inayotaja kata, wilaya na mkoa, kisha hufuata idadi ya wakazi kwa mujibu wa sensa, na mwishoni huwekwa alama ya mbegu, yaani tangazo la kuwa makala bado ni fupi na linalomwalika msomaji aikuze. Ufupi huo unadanganya. Kata ya Vwawa, kwa mfano, ilikuwa katika Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Mbeya, wakati wa sensa ya mwaka 2012, lakini mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ulipomegwa kutoka Mbeya, Vwawa ikawa makao makuu ya mkoa mpya. Mhariri anayerekebisha makala ya namna hiyo hawezi kuishia kwenye sentensi ya kwanza, kwa sababu jina la mkoa limo pia katika jamii, ambayo ni kundi linalotajwa mwishoni mwa ukurasa ili kuziunganisha makala zinazofanana, tena limo katika kigezo, yaani kisanduku kinachoorodhesha kata zote za wilaya na kurudiwa katika kurasa zake zote, na limo katika makala ya Mkoa wa Mbeya, ambayo sasa inapaswa kupunguziwa wilaya na wakazi. Kisha ikaja sensa ya mwaka 2022, iliyohesabu watu milioni 61.7 nchini kote, na kila kata, wilaya na mkoa ukawa na tarakimu mpya inayosubiri mtu wa kuiingiza.

Hali ni hiyohiyo kwa majirani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliweka kaunti 47 zilizoanza kazi baada ya uchaguzi wa mwaka 2013 na kuchukua nafasi ya mikoa minane, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iligawa upya majimbo yake mwaka 2015, kutoka 11 hadi 26, ambapo Katanga, eneo lenye wasemaji wengi wa Kiswahili, iligawanywa kuwa majimbo manne. Makala iliyokuwa sahihi kabisa siku ilipoandikwa inaweza kuwa kosa asubuhi inayofuata bila mtu kuigusa, na mwanafunzi wa Lubumbashi au wa Kilifi anayeisoma hana namna ya kujua kuwa imepitwa na wakati isipokuwa mtu amechukua jukumu la kuihuisha.

Ili watu wasiojuana waweze kufanya kazi hii bila kugombana kila siku, zipo kanuni chache wanazokubaliana. Ya kwanza ni mtazamo usioelemea upande, unaodai kwamba pale wataalamu wanapotofautiana, makala ieleze rai zote kwa uzito unaostahili bila kumtangaza mshindi. Ya pili ni uthibitisho, maana yake kila taarifa inayoweza kupingwa iwe na chanzo ambacho msomaji anaweza kukifuatilia. Ya tatu inakataza utafiti wa kwanza, yaani mhariri kuleta hitimisho lake mwenyewe ambalo halijachapishwa popote. Mtu anayeandika juu ya Bi Kidude, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, hukutana na kanuni zote tatu kwa mpigo, kwa kuwa mwaka wa kuzaliwa kwake haujulikani kwa hakika na waandishi hutaja miaka inayopishana sana. Mhariri hana haki ya kuchagua mwaka unaompendeza wala kutafuta wastani wake. Anachopaswa kufanya ni kueleza kuwa vyanzo vinatofautiana, kutaja kila kimoja kinasema nini, na kumwacha msomaji na hali halisi ya elimu ilivyo. Uaminifu huo ni wa kitaaluma kabisa, hata kama anayeufuata ni fundi simu au mwalimu wa shule ya msingi.

Kanuni hizo hazikuzuia makosa, na baadhi yalikuwa mazito. Mwaka 2005 mwandishi wa habari wa Marekani John Seigenthaler aligundua kuwa wasifu wake katika Wikipedia ya Kiingereza ulikuwa umemhusisha na mauaji ya akina Kennedy, uongo uliokaa ukurasani kwa takriban miezi minne. Baada ya hapo toleo la Kiingereza liliwazuia watu wasiojiandikisha kuanzisha makala mpya. Mwezi Desemba mwaka huohuo jarida la sayansi la Nature lilichapisha matokeo ya kuwapa wataalamu makala 42 za sayansi kutoka Wikipedia na kutoka Encyclopaedia Britannica, na wastani wa makosa ukawa karibu manne kwa kila makala ya Wikipedia na karibu matatu kwa kila makala ya Britannica. Matukio hayo mawili yanapaswa kusomwa pamoja: makala inayopitiwa na wengi hukaribia kazi ya wataalamu, na ile isiyopitiwa na mtu huweza kubeba uongo kwa muda mrefu.

Hatari hii ya makala kutopitiwa na mtu ndiyo inayozikabili zaidi lugha zenye wahariri wachache, na fundisho chungu lilitoka Uskoti. Mwezi Agosti 2020 ilibainika kuwa zaidi ya makala 20,000 za Wikipedia ya lugha ya Scots zilikuwa zimeandikwa na kijana mmoja wa Marekani, aliyeanza akiwa bado mtoto na asiyeijua lugha hiyo, akibadilisha maneno ya Kiingereza moja moja kwa msaada wa kamusi. Hakuwa na nia mbaya. Kilichokosekana ni watu wa kutosha wenye lugha yao, wenye uwezo wa kusoma sentensi na kusema kwamba hakuna anayezungumza hivi, na kwa miaka kadhaa idadi ya makala ilipanda huku lugha yenyewe ikiharibiwa.

Kiswahili kina wasemaji zaidi ya milioni 200 na hakijafika huko, lakini dalili zipo. Chombo cha kutafsiri makala, ambacho Wikipedia ilianza kukitoa mwaka 2015, humpa mhariri tafsiri ya mashine kama rasimu ya kuanzia, na kikitumiwa na mtu makini huokoa muda mwingi. Kikitumiwa kwa pupa, hasa wakati wa mashindano yanayohesabu makala, huacha nyuma kurasa ambazo ngeli hazipatani, mto unaitwa yeye, na aya nzima inasomeka bila kueleweka. Kuirekebisha makala ya hivyo mara nyingi huchukua muda mrefu kuliko kuiandika upya. Uharibifu hauishii hapo, kwa kuwa programu za kompyuta zinazojifunza lugha husoma maandishi ya Wikipedia kwa wingi, na Kiswahili kibovu kilichotoka kwenye mashine hurudi kwenye mashine kikiwa sasa kinahesabiwa kuwa mfano wa kuigwa. Mhariri anayefuta sentensi moja mbovu leo anafanya kazi ya ulinzi wa lugha, na anastahili kuthaminiwa hivyo.

Mashindano yenyewe si mabaya. Kampuni ya Google iliendesha shindano moja mwaka 2009 na 2010 lililowaalika wanafunzi wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki kuandika makala za Kiswahili, na kabla yake watu kama mwanablogu wa Tanzania Ndesanjo Macha walikuwa tayari wamewahimiza wenzao waingie katika kazi hii kwa mapenzi ya lugha tu. Mwezi Agosti 2025 wahariri kutoka pembe zote za dunia walikutana Nairobi kwa Wikimania, mkutano mkuu wa kila mwaka wa wanawikipedia, uliofanyika Afrika Mashariki kwa mara ya kwanza. Shughuli za aina hii huwaleta watu. Kinachobaki kuwa kigumu ni kuwaweka, kwani mgeni ambaye mchango wake wa kwanza umefutwa bila maelezo huenda asirudi, ilhali yule aliyeandikiwa ujumbe wa upole kwenye ukurasa wake, akaonyeshwa palipokosewa na namna ya kuweka tanbihi, aghalabu hugeuka kuwa mlezi wa kurasa kwa miaka.

Kikwazo kinacholalamikiwa zaidi ni vyanzo, kwa kuwa mengi yanayojulikana kuhusu vijiji, koo, ufundi na ngoma za Afrika Mashariki yamo vinywani mwa wazee na hayajawahi kuchapishwa. Mwaka 2011 mradi uliofanywa India na Afrika Kusini, ulioambatana na filamu iitwayo People are Knowledge, ulijaribu kurekodi mahojiano na kuyatumia kama vyanzo vya Wikipedia, na mjadala uliozuka wakati huo kuhusu nani anathibitisha maneno ya msemaji ungali hai. Hata hivyo vyanzo vilivyochapishwa navyo havijatumiwa hata kwa nusu. Kanuni ya uthibitisho haidai kwamba chanzo kipatikane mtandaoni: gazeti la zamani la Kiswahili lililohifadhiwa katika maktaba ya mkoa, kitabu cha historia ya dayosisi au ripoti ya sensa iliyochapwa kwenye karatasi vyote vinakubalika, mradi mhariri aandike jina la mwandishi, jina la chapisho, tarehe na ukurasa, ili mwingine mwenye shaka aweze kwenda kwenye rafu ileile na kulifungua mwenyewe.